Tumtibu Mtu Mzima, Si Kichwa Chake Tu

(Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa na wahudumu watatu wa kliniki ya afya ya akili katika semina ya viongozi wa dini na wahudumu wa afya wa vijiji. Imefupishwa kidogo ili ienee katika jarida letu.)



Tumekuja watatu: daktari, muuguzi na ofisa ustawi wa jamii. Tumeombwa tueleze namna ya kumchunguza na kumtibu mgonjwa wa akili kikamilifu. Neno "kikamilifu" linatumika sana siku hizi, na lisipofafanuliwa hubaki kuwa pambo la semina. Kwa hiyo tutalifafanua kwa kumfuata mgonjwa mmoja wa umri wa makamo, tangu anapoletwa kliniki hadi anaporudi kwenye shughuli zake.

Lugha yetu yenyewe imetupa pa kuanzia. Mtu aliyevuka ujana tunamwita mtu mzima. Neno hilo hilo "mzima" maana yake ni mwenye afya, na tena ni kitu chote kisichokatwa vipande. Tunachotaka kusema leo ni hiki: mtu mzima achunguzwe wote na atibiwe wote. Hospitali ikichukua mwili wake, mganga akachukua hofu yake, na ndugu wakachukua mali yake, mtu huyo hatapona hata kama kila mmoja wao atasema amefanya kazi yake.

KWA NINI UMRI WA MAKAMO?

Wengi wetu tukisikia "mgonjwa wa akili" tunamfikiria kijana anayezurura stendi akisema peke yake. Ni kweli kwamba maradhi kama skizofrenia mara nyingi huanza katika ujana, au kabla mtu hajavuka sana miaka thelathini. Lakini mtu wa miaka 40 hadi 60 ana njia zake za kuugua.

Kwanza, ndiye aliyebeba mzigo. Juu yake wako wazazi wanaozeeka, chini yake wako watoto wanaodai ada, na mara nyingi ndiye anayelea watoto wa ndugu waliofariki. Pili, mwili wake unaanza kubadilika. Kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya tezi huonekana zaidi katika umri huu. Mwanamke hukoma hedhi, mara nyingi kati ya miaka 45 na 55, na katika kipindi hicho usingizi na hisia zake vinaweza kuyumba. Tatu, ndio umri wa kufiwa na mwenzi, kupunguzwa kazini au kushindwa na mkopo. Mwanaume, mara nyingi, haisemi huzuni yake. Huionyesha kwa ukali ndani ya nyumba au huizamisha katika pombe.

Kutokana na hayo kuna kanuni moja tunayowaomba mwondoke nayo. Mtu aliyekuwa timamu kwa miaka 45 au 50, akabadilika ghafla au polepole, usianze kwa kuuliza "nani kamfanyia?" Uliza "nini kimebadilika katika mwili wake na katika maisha yake?"

Historia ya tiba inatufundisha hivyo. Mwanzoni mwa karne ya 20, hospitali za wagonjwa wa akili za Ulaya na Marekani zilikuwa na watu wengi wa makamo waliopoteza akili na kupooza. Mwaka 1913 watafiti Noguchi na Moore waliwaona vijidudu vya kaswende ndani ya bongo za wagonjwa wa namna hiyo. Penisilini ilipopatikana katika miaka ya 1940, ugonjwa uliokuwa ukijaza wodi hizo ukawa wa kutibika kwa sindano. Vivyo hivyo, mwaka 1949 daktari Richard Asher wa Uingereza alieleza habari za wagonjwa 14 waliokuwa na dalili za wazimu kumbe tezi zao za shingo zilikuwa zimelegea. Chanzo cha ugonjwa wao kilikuwa shingoni, na dalili zikajitokeza kichwani.

MGONJWA WETU

Sasa tumlete mgonjwa. Huyu si mtu mmoja mnayeweza kumtafuta kijijini. Tumemjenga kutokana na mambo ya kawaida yanayoonekana kwa wagonjwa wengi, ili siri ya mtu yeyote isitoke.

Ni mama wa miaka 49, muuza mitumba sokoni. Mume wake amefariki miezi kumi na minne iliyopita baada ya kuugua muda mrefu. Anaongozana na mdogo wake wa kike, na mdogo ndiye anayesema. Dada amekuwa mzito. Analala sana lakini anaamka amechoka. Anasahau bei ya nguo zake mwenyewe. Analia bila sababu. Kanisani haendi tena. Jioni anasema anamsikia marehemu akimwita uani. Zaidi ya yote, sauti yake imebadilika, imekuwa nzito na ya kukwaruza. Hapo ndipo ndugu wa mume walipopata neno la kusema: "Huyo anayesema si yeye."

Kabla ya kufika kwetu wamezunguka miezi saba. Wamepita kwa mganga, wakauza mbuzi wawili. Wamepita mahali pa maombezi, akalala sakafuni siku tisa na kuambiwa afunge kula. Wamepita duka la dawa, akapewa vidonge vya usingizi, akazidi kuwa mzito.

Miezi saba ni muda mrefu. Mtaji umekwisha, mkopo wa SACCOS umelala, na sokoni meza yake imeshapewa mtu mwingine. Kila mzunguko umeondoa kitu ambacho kingemsaidia kupona.

Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Uchunguzi kamili una mafiga matatu: mwili, nafsi na jamii. Tuyapitie moja moja.

FIGA LA KWANZA: MWILI

Tunaanza na mwili, kwa sababu ugonjwa wa mwili ukisahaulika unaweza kuua wakati watu bado wanabishana kuhusu mapepo.

Jambo la kwanza ni kuangalia kama kuna hatari ya haraka. Mtu aliyechanganyikiwa ndani ya saa au siku chache, hasa akiwa na homa, shingo ngumu, degedege au usingizi usio wa kawaida, hahitaji kliniki yetu. Anahitaji hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa huenda ni malaria kali, uti wa mgongo, au sukari kupanda au kushuka mno. Vilevile mnywaji wa kila siku aliyeacha pombe ghafla, akaanza kutetemeka na kuona vitu visivyokuwepo siku ya pili au ya tatu, yuko hatarini. Asifungiwe ndani ili "pombe imtoke".

Mama yetu hana dalili hizo. Kwa hiyo tunamchunguza kwa utulivu. Uso umevimba kidogo, hasa chini ya macho. Ngozi ni kavu, nywele zinakatika. Mapigo ya moyo ni ya polepole. Anajifunika khanga mbili wakati sisi tunatokwa jasho. Choo ni kigumu, uzito umeongezeka ingawa hali vizuri. Muuguzi anapomwomba afungue ukosi wa gauni, tunaona kovu jembamba lililokata shingo kwa mlalo.

"Mama, hapa ulifanyiwa nini?"

"Ah, hilo ni la zamani, mwanangu. Nilikuwa na rovu, wakalitoa. Walinipa vidonge nimeze siku zote, lakini marehemu alipoanza kuugua, hela yote ikaenda kwake."

Katika maeneo ya milimani, ambako madini joto ni machache ardhini, uvimbe wa shingo ulikuwa jambo la kawaida kabla chumvi yenye madini joto haijaenea. Aliyeondolewa tezi yote, au sehemu yake kubwa, huhitaji vidonge vya kuziba pengo la homoni ya tezi, mara nyingi kwa maisha yake yote. Akiviacha, mwili mzima hupunguza mwendo: moyo, utumbo, mawazo na kumbukumbu. Sauti nayo huwa nzito kwa sababu nyuzi zake huvimba.

Ndugu zetu, ile sauti iliyoambiwa ni ya pepo ilikuwa sauti ya tezi.

Damu ilichukuliwa, na kipimo cha homoni kikathibitisha. Lakini hatukuishia hapo. Mgonjwa wa umri huu apimwe pia wingi wa damu, sukari, kaswende na virusi vya UKIMWI kwa ridhaa yake, pamoja na shinikizo la damu. Aulizwe dawa zote anazotumia, za hospitali na za mitishamba. Dawa nyingine zinazotibu mwili huweza kuyumbisha akili: prednisoloni kwa kiwango kikubwa, isoniazidi ya kifua kikuu, na efavirenzi iliyotumiwa na wengi kwa miaka mingi dhidi ya virusi vya UKIMWI. Hii haina maana mgonjwa aziache mwenyewe. Maana yake ni kwamba daktari aambiwe.

FIGA LA PILI: NAFSI

Mtu angeweza kusema: basi, tumepata ugonjwa, ampe vidonge vya tezi aende nyumbani. Huko nako ni kumkata vipande. Mwenye tezi iliyolegea anaweza pia kuwa na huzuni, na hofu, na mawazo ya kufa.

Watu wetu hawaji wakisema "nina sonona". Wanasema: nina mawazo mengi, moyo mzito, kichwa kinawaka moto, mwili hauna nguvu. Tuyasikilize maneno hayo jinsi yalivyo, kisha tuulize kwa utaratibu. Sonona ni huzuni, au kutofurahia chochote, inayodumu karibu kila siku kwa muda usiopungua wiki mbili, ikiambatana na dalili nyingine kama kukosa au kuzidisha usingizi, kupoteza hamu ya kula, uchovu, kujilaumu na kushindwa kuwaza. Liko dodoso la maswali tisa, lenye alama 0 hadi 27, linalosaidia kupima uzito wake. Kuanzia alama 10 tunahesabu kwamba mtu anahitaji kuangaliwa kwa makini. Mama yetu alipata 19. Dodoso si hukumu, maana uchovu wa tezi nao huongeza alama. Linatupa mahali pa kuanzia, na baadaye linatuonyesha kama tunasonga.

Swali la tisa linahusu kujidhuru, na wengi huliogopa wakidhani kuuliza ni kumfundisha. Sivyo. Kuuliza kwa upole hakumpi mtu wazo ambalo hana, bali humpunguzia aliye nalo upweke. Muuguzi wetu aliuliza hivi: "Mama, watu wenye mzigo kama wako wakati mwingine huona afadhali wasingekuwepo. Na wewe umewahi kufikia hapo?"

Alinyamaza, kisha akasema: "Nimefika. Pale ndani kuna dawa ya kunyunyizia nyanya. Huwa naiangalia."

Mdogo wake aliyekuwa amekaa pembeni alishtuka. Miezi saba walikuwa wakimlinda dhidi ya wachawi, na hakuna aliyejua habari ya chupa ile. Siku hiyo hiyo dawa ya shambani iliondolewa nyumbani, na tukapatana nani atalala naye.

Na ile sauti ya marehemu? Je, si wazimu? Tusikimbilie kusema hivyo. Mwaka 1971 daktari Dewi Rees alichapisha utafiti wake huko Wales, aliohoji wajane na wagane 293. Karibu nusu yao walikuwa wamewahi kuhisi yule aliyekufa yuko nao, na wengine walimsikia au kumwona. Wengi hawakuwahi kumwambia mtu. Kumsikia mpendwa aliyefariki ni sehemu ya majonzi kwa watu wengi timamu. Linatutia wasiwasi zaidi pale sauti inapoamuru, inapotukana, au inapomwita mtu amfuate. Kwa hiyo tulimwuliza inasema nini. Inamwita jina tu, kama alivyokuwa akiitwa apeleke maji ya kuoga.

FIGA LA TATU: JAMII

Ofisa ustawi wa jamii ndiye aliyelishika figa hili. Aliuliza maswali ambayo daktari huyasahau. Nani anakupikia? Unadaiwa na nani? Nyumba ni ya nani? Tangu msiba, nani ameacha kuja?

Yakatoka haya. Mkopo wa SACCOS uliochukuliwa kumtibu mume haujalipwa na wadhamini wanamfuata. Shemeji mkubwa anasema shamba ni la ukoo. Mirathi haijafunguliwa. Kijana wake wa kwanza ameacha chuo na yuko mjini anabeba mizigo. Na habari kwamba "ana kitu" imeshaenea, hivyo wateja wanapita mbali.

Mnaona jinsi mambo yanavyofungana. Aliacha dawa ya tezi kwa sababu ya ugonjwa wa mume. Tezi ikalegea, akashindwa biashara. Biashara ikafa, deni likakua. Deni na majonzi vikaleta sonona. Ugonjwa ukaitwa pepo, watu wakamkimbia, akabaki na shemeji anayetaka shamba na chupa ya dawa ya nyanya. Mtu akikuuliza chanzo cha ugonjwa ni kipi, utajibu kipi? Mwaka 1977 daktari George Engel wa Marekani aliandika katika jarida la Science kwamba tiba haina budi kutazama mwili, nafsi na jamii kwa pamoja. Bibi zetu walijua jambo hilo mekoni.

IMANI INAKAA WAPI?

Imani hatuiweki kama figa la nne lililosimama peke yake, maana inapita katika yote matatu. Kwa mgonjwa wetu imani ni nguvu na pia ni jeraha. Anasema: "Niliomba mume wangu apone, hakupona. Sasa naambiwa mimi mwenyewe nina pepo. Nikaombe nini tena?" Swali hilo halina kidonge. Linahitaji mtu wa imani atakayekaa naye bila haraka ya kumjibu.

Ndiyo maana hatukuja hapa kuwaambia mwache kuwaombea wagonjwa. Tumekuja kuomba mambo manne.

La kwanza, msimwambie mgonjwa aache dawa ili kuonyesha imani. Wengi hujisikia vizuri wiki ya tatu, wakashuhudia wamepona, wakaacha, na baada ya miezi wakarudi wakiwa wabaya zaidi.

La pili, asifungwe kamba wala minyororo, wala asipigwe. Kamba huacha vidonda mkononi na moyoni, na hakuna ugonjwa inaoutibu.

La tatu, msimfungishe kula mgonjwa anayetumia dawa bila kuuliza. Anayetumia lithiamu akikosa maji, dawa inaweza kupanda katika damu hadi kuwa sumu. Mwenye kisukari anaweza kuzimia. Dini zetu zenyewe zinampa mgonjwa ruhusa ya kutofunga.

La nne, anayekuja kwenu kwanza mleteni kwetu mapema, nasi anayehitaji ushauri wa kiroho tutamrudisha kwenu. Ninyi ndio mnaofikiwa kwanza. Miezi saba ingeweza kuwa wiki moja.

MATIBABU

Matibabu nayo yalisimama juu ya mafiga yale yale.

Mwili. Alianzishiwa levothairoksini kwa kiwango kidogo, ikapandishwa taratibu. Humezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, na damu hupimwa tena baada ya wiki sita hadi nane. Vidonge vya usingizi vilisimamishwa kwa mpango.

Nafsi. Kwa kuwa alikuwa na mawazo ya kufa hatukusubiri. Baada ya kuhakikisha kwamba hajawahi kuwa na vipindi vya furaha iliyopita kiasi na kukosa usingizi bila kuchoka, alianzishiwa pia fluoksetini. Swali hilo ni muhimu, maana dawa ya sonona peke yake inaweza kumpandisha mgonjwa wa namna hiyo. Tulimweleza mapema kwamba dawa huchukua wiki mbili hadi nne kabla nafuu haijaonekana, kwamba kichefuchefu cha siku za mwanzo hupita, na kwamba akipona ataendelea nayo miezi kadhaa, mara nyingi tisa hadi kumi na miwili. Mgonjwa asiyeambiwa hayo huacha siku ya kumi. Dawa alipewa za siku chache kila mara, zikatunzwa na mdogo wake.

Kila wiki alikutana na muuguzi kwa ushauri nasaha. Hawakujadili matatizo yote kwa mara moja. Walichagua moja, wakalipangia hatua ndogo, wiki iliyofuata wakaangalia. Njia hii si ya wataalamu tu. Huko Zimbabwe daktari Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa bibi wa mitaani waliofundishwa kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia kutatua tatizo moja moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wenye watu 573 katika kliniki 24, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita dalili za sonona zilibaki kwa asilimia 14 hivi ya waliokaa na bibi hao, wakati kwa waliopata huduma ya kawaida zilibaki kwa karibu asilimia 50. Mabibi wapo katika kila kijiji chetu.

Jamii. Ofisa ustawi wa jamii alikwenda na mgonjwa SACCOS, mkopo ukapangwa upya kwa marejesho madogo. Kiliitishwa kikao cha ukoo, ambapo daktari, kwa ruhusa ya mgonjwa, alieleza habari ya kovu na ya sauti. Tulimwona shemeji akiinamisha kichwa. Habari ya shamba haikumalizika hapo. Ilikwenda Mahakama ya Mwanzo kama shauri la mirathi, na huko ndiko mahali pake. Kijana alirudi nyumbani miezi miwili kumsaidia mama kufungua meza upya.

Baada ya wiki nane sauti yake ilirudi. Uso ulipungua, akaanza kukumbuka bei. Alama zikashuka hadi 11. Lakini bado alilia, hasa jioni. Hapa ndipo penye somo letu lote: kidonge cha tezi kilirudisha nguvu, hakikulipa deni wala kumzika mume kwa mara ya pili. Kiongozi wake wa dini alipanga naye ibada ndogo ya kumbukumbu, nyumbani, na watu wale wale waliokuwa wakipita mbali wakaja kula. Mwezi wa sita alama zilikuwa 5. Marehemu bado humwita uani mara moja moja. Anasema siku hizi anamwitikia, kisha anaendelea kukunja nguo.

HATUKUANZA SISI

Msidhani hii ni njia mpya kutoka nje. Mwaka 1954 daktari Thomas Adeoye Lambo, huko Aro karibu na Abeokuta, Nigeria, aliweka wagonjwa wakae kwenye nyumba za wanakijiji pamoja na ndugu zao, wakitibiwa hospitali na kushiriki maisha ya kijiji. Hapa Tanzania, Lutindi katika milima ya Usambara ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliookolewa utumwani, baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili, na kazi za mikono na za shamba zimekuwa sehemu ya tiba yake. Na tangu mwaka 2008 nchi yetu ina Sheria ya Afya ya Akili, inayoweka utaratibu wa kulazwa kwa hiari na hata pasipo hiari. Mgonjwa wa akili ana haki mbele ya sheria, si mtu wa kuburutwa.

LA KUFANYA MKIRUDI NYUMBANI

Hatuwaombi muwe madaktari. Mkirudi, kila mmoja amwangalie mtu mmoja wa makamo aliyebadilika: aliyeacha ibada, aliyeacha biashara, aliyeanza kunywa. Mwendeeni nyumbani. Mwulizeni anaumwa nini, anameza nini, amefiwa na nani, anadaiwa na nani, na kama amewahi kutamani kufa. Kisha msindikizeni hadi zahanati au kituo cha afya. Tumesema msindikizeni, si mwelekezeni, kwa sababu mwenye sonona hana nguvu ya kupanga foleni peke yake. Zahanati ikishindwa, iwape rufaa kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa.

Na mkifika, msiogope kumwomba mhudumu aangalie mwili pia. Mwambieni: "Tafadhali, mwangalie na shingo."